Busia hadi Majanji kwa Baiskeli: Shajara ya Kuikabili Hofu ya Kabla ya Safari

Mradi wenyewe

Lengo ni moja: kutoka Busia mjini, upande wetu wa Uganda, hadi Majanji kwenye ufuo wa Ziwa Victoria kwa baiskeli, na kurudi siku hiyohiyo. Umbali wa kwenda haufiki kilomita 30, na njia ni lami tangu barabara ya Musita–Lumino–Busia ijengwe. Vijana wanaoleta samaki sokoni huimaliza kabla jua halijawa kali.

Miguu yangu haina shida na kilomita hizo. Mimi ni mwalimu, nasimama kutwa, naenda shuleni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Shida iko kwenye ile saa moja kabla ya kuondoka. Usiku nimeamua naenda. Asubuhi tumbo linanikata, viganja vinalowa, moyo unapiga mbio nami bado sijatoka kitandani. Naenda msalani, narudi, naenda tena. Halafu sababu zinaanza kujileta zenyewe: kuna wingu upande wa Tororo, kuna madaftari ya kusahihisha, huenda tairi limepungua upepo. Ikifika saa tatu jua limepanda na safari imekufa. Na dakika ileile ninaposema "basi, siendi", tumbo linatulia.

Utulivu huo ndio ulionishtua kuliko hofu yenyewe. Kila ninapobaki nyumbani napata nafuu ya papo hapo, kwa hiyo mwili unazidi kuamini kwamba dawa ni kubaki nyumbani. Juma linalofuata hofu inakuja mapema zaidi, na kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo kazi ya mradi huu ni saa hiyo moja. Majanji ni kipimo cha kujua kama kazi imefanyika.

Oktoba, mwanzoni

Mwezi wa tisa nilikaa na simu mkononi nikitazama mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani kule Kigali, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Watu walijipanga vilimani, wazee kwa watoto, wakiwashangilia waendeshaji mmoja mmoja, hata wa mwisho. Nikajiuliza mimi mtoto wa Busia baiskeli niliiachaje. Mpakani hapa ndiko boda boda ilikozaliwa, miaka ya 1960, kabla pikipiki hazijafikiriwa: kijana, baiskeli nyeusi, mto wa sponji juu ya karia, na abiria anavushwa kati ya Uganda na Kenya pamoja na mzigo wake. Hata leo ukipita mpakani asubuhi utawaona wafanyabiashara wenye ulemavu kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu, zimesheheni hadi huwezi kuona aliye nyuma ya mzigo, wakizungusha pedeli kwa mikono katikati ya matrela. Mji huu umelelewa na baiskeli.

Nimenunua ya mtumba, yenye gia, tairi za inchi 26, na nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi upande wa Sofia, mtaa wa hapa Busia. Aliigeuza juu chini, akazungusha gurudumu la nyuma, akasikiliza. Kisha akaniuliza bila kunitazama:

"Mwalimu, wewe unaogopa kuanguka au unaogopa kugongwa?"

"Yote mawili, mzee wangu."

"Basi kuanguka tunakutibu hapahapa. Kugongwa ni habari ya njia na macho."

Akachukua spana, akalegeza nati ya kiti, akakishusha hadi nyayo zangu zote mbili zikakanyaga chini nikiwa nimekaa. Akasema nitanyonga kwa taabu kidogo kwa sababu magoti yatapanda juu mno, lakini nisijali sasa hivi. Mtu anayejua kwamba akitaka kusimama anaweka miguu chini na mambo yamekwisha, mwili wake hauna sababu ya kukakamaa. Kiti tutakiinua kidogo kidogo hadi kimo chake sahihi, yaani kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Akabadilisha raba za breki za mbele na nyuma, akanifungia kioo kwenye usukani upande wa kulia, kwa kuwa sisi tunashika kushoto na kila kinachotupita kinatokea kulia.

Nimemlipa na kumshukuru. Swali lake sikulipa uzito pale kibandani, ila usiku halikuniacha.

Oktoba, katikati

Nimechukua karatasi mbili. Ya kwanza nimeandika kila kitu ambacho barabara inaweza kunifanyia. Ya pili, kila kitu ambacho roho yangu inaniambia barabara itanifanyia. Nilidhani zitafanana. Hazikufanana hata kidogo.

Kwenye ya kwanza kuna matrela na matanki ya mafuta yanayotoka Kenya kuelekea Bugiri, Iganga na Jinja. Kuna ukingo wa lami, pale penye shimo kati ya lami na udongo, ambapo tairi likiteleza huwezi kulirudisha kwa urahisi. Kuna boda wanaokuja upande usio wao. Kuna mvua, kwa maana rimu zikilowa breki zinachelewa kushika. Kuna pancha, na kuna giza.

Hofu hizi nazihesabu kama taarifa. Kila moja ina jibu lake, na jibu ni kitu cha kufanya au cha kununua. Matrela: sipiti barabara ya Bugiri, nachagua ya Majanji, ambayo haina msururu wa mpakani, tena Jumapili asubuhi. Ukingo: nakaa kama mita moja ndani ya lami badala ya kubembea pembeni kabisa, ili gari likinibana niwe na pa kusogea. Pancha: pampu, viraka, gundi na tyubu ya akiba. Giza: siondoki kabla ya saa kumi na mbili na nusu, jua linapochomoza. Mvua: raba mpya, breki zote mbili kwa pamoja, na kuanza kuzishika mapema. Hofu ya namna hii ukiijibu kwa kitendo inapungua. Ukijaribu kuituliza kwa maneno matupu unajidanganya, na siku moja utaumia.

Karatasi ya pili ilikuwa nyingine kabisa. Moyo utasimama. Nitaishiwa nguvu nishindwe kurudi. Nitaanguka mbele ya wanafunzi wangu. Watu watasema mama mzima huyu amepatwa na nini. Hapa hakuna cha kununua. La moyo nililishughulikia kwa kwenda zahanati kupima presha, nikaambiwa iko sawa. Yaliyobaki yanahitaji dawa nyingine.

Binti yangu anasomea saikolojia Makerere, na amekuwa akinitumia ujumbe wa sauti jioni. Aliniambia, "Mama, tumbo lako halijaharibika, linafanya kazi yake." Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Harvard, alilieleza jambo hili mwaka 1915. Mwili ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, damu inaondolewa kwenye utumbo na kupelekwa kwenye misuli, viganja vinatoa jasho. Ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Nilimjibu binti kwamba mimi sipigani wala sikimbii, nakaa kitandani. Akasema ndiyo maana inauma: nguvu zimeletwa na hazina kazi.

Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa juu ya karatasi ya pili. Nguvu zimeletwa, zipewe kazi.

Oktoba, mwishoni: uwanja wa shule

Binti alinieleza pia utaratibu wa Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyeuchapisha mwaka 1958. Unapanga hofu zako kutoka ndogo hadi kubwa, unaanza na ya chini kabisa, unakaa nayo mwili ukiwa umelegea mpaka ichoke yenyewe, ndipo unapanda inayofuata. Hakuna kuruka. Wolpe alitumia pia kipimo cha hofu cha 0 hadi 100. Mimi nimekifupisha kiwe 0 hadi 10 kwa sababu naandika gizani.

Ngazi yangu inaanzia uwanja wa mpira wa shule jioni, watoto wakishaondoka. Inafuata njia ya maramu nyuma ya shule, halafu mtaa wetu watu wakiwepo, halafu lami Jumapili alfajiri, halafu Lumino iliyo njiani, na juu kabisa Majanji.

Uwanjani nimefanya vitu vichache, tena na tena. Kutazama nyuma juu ya bega la kulia bila usukani kufuata kichwa. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu bega likigeuka mkono unavuta. Dawa yake ni kulegeza viwiko na kugeuza shingo peke yake. Kusimama kwa breki zote mbili: ya mbele ndiyo inayosimamisha hasa, lakini ukiibana peke yake kwa ghafla uzito wote unakurukia mbele. Na kupita kati ya mawe mawili bila kuyatazama. Baiskeli inafuata macho. Ukikodolea jiwe macho kwa kuliogopa, utalifikia hilohilo. Ukitazama nafasi iliyo wazi kando yake, unapita.

Zoezi la mawe limenisaidia hata nikiwa nimelala. Usiku kabla ya safari nilikuwa nakodolea macho lori moja la mawazoni. Sasa najizoeza kuitazama njia iliyo wazi kando yake: ile lami, yule mwembe, kile kilima.

Novemba, juma la mvua

Mvua. Maramu imekuwa tope. Nimepaka mnyororo mafuta, nimeinua kiti kidogo, nimesahihisha mitihani.

Novemba: saa yenyewe

Hapa ndipo kiini cha mradi, na nimejaribu vitu vingi. Nitaviandika vyote, vilivyofaa na visivyofaa, kwa sababu najua wapo wengine wanaoamka na tumbo hilihili.

Kahawa nimeiacha asubuhi za safari. Kafeini inauharakisha moyo kwa namna inayofanana mno na hofu, na mtu anayeamka tayari ana wasiwasi hawezi kutofautisha kipi ni kipi. Nakunywa chai nyepesi ya maziwa na kabalagala mbili, vile vitumbua vya ndizi. Kukaa na njaa nako hakukunifaa. Mikono ilitetemeka, nami nikautafsiri mtetemo huo kuwa woga.

Maandalizi yote nimeyahamishia jioni. Upepo unajazwa jioni, nakandamiza tairi kwa dole gumba. Chupa ya maji inajazwa. Nguo zinatandazwa juu ya usukani, kofia ngumu inaning'inia kwenye breki, funguo ziko ndani ya kiatu cha kushoto. Nimegundua kwamba kila uamuzi mdogo wa asubuhi, hata wa soksi ipi, ni mlango ambao sababu inapitia. Milango ikifungwa jioni, asubuhi inabaki kazi ya mikono.

Pumzi. Nasimama nimeshika usukani, navuta hewa kwa pua nikihesabu hadi 4, naitoa kwa mdomo polepole nikihesabu hadi 6 au 7. Siri iko kwenye kutoa. Pumzi ndefu ya kutoa inaamsha neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, nayo ndiyo inayoupunguzia moyo mwendo. Kuvuta hewa nyingi kwa haraka, kama tunavyoshauriana mara nyingi tukisema "vuta pumzi", kunazidisha kizunguzungu. Dakika mbili au tatu zinatosha. Zikizidi naanza kuusikiliza moyo badala ya kuondoka.

Kujiambia "tulia" kumeniangusha kila mara. Mwili uliojaa adrenalini hautulii kwa amri. Binti akanitajia utafiti wa Alison Wood Brooks wa Harvard, uliotoka mwaka 2014. Watu waliotakiwa kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu mbele ya wengine walifanya vizuri zaidi waliposema kwamba wana hamu na msisimko kuliko wale waliojiambia wametulia. Hofu na hamu zinaupelekesha moyo mbio zilezile, kwa hiyo kuhama kutoka moja hadi nyingine ni safari fupi kuliko kutoka hofu hadi utulivu. Siku hizi nasema kwa sauti, mle sebuleni, "Nina hamu ya kwenda." Mwanzoni maneno yalikuwa mazito mdomoni. Nimeendelea kuyasema, kwa sababu ni ya kweli: ndani ya hofu hiyo hamu ipo, na ndiyo iliyonifanya ninunue baiskeli.

Lakini lililofanya kazi kuliko yote ni mwembe.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, aliandika mwaka 1999 juu ya mipango ya "ikiwa hivi, basi vile": badala ya kukusudia tu kufanya jambo, unalifunga na alama fulani ili alama ikitokea, kitendo kifuate bila mjadala. Nimejiwekea miwili. Wa kwanza: ikiwa adhana ya alfajiri imesikika kutoka mjini, basi navaa viatu. Mimi ni Mkristo, lakini adhana hiyo haichelewi, na hainiulizi nimelalaje. Wa pili: ikiwa tumbo limenikata, basi natoa baiskeli nje na kwenda hadi kwenye mwembe ulio mwisho wa mtaa wetu.

Pale mwembeni nina ruhusa kamili ya kurudi. Ruhusa ya kweli, bila kujilaumu. Sharti ni kwamba uamuzi haufanyiki ndani ya nyumba. Unafanyika pale, nikiwa nimekaa kwenye kiti, mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedeli.

Namba zangu zinasema hivi. Ndani ya nyumba hofu ni 8, mara nyingine 9. Mwembeni 5. Nikishapita nyumba za mwisho, baada ya kilomita moja au mbili hivi, ni 2. Zimekuwa zikijirudia karibu sawa, asubuhi baada ya asubuhi, kiasi kwamba sasa nikiiona 8 naisoma kama bei ya kuingia, naijua inavyoshuka. Nguvu zilizoletwa zimepewa pedeli, na zimekwisha kwa kutumika.

Nimerudi kutoka mwembeni pia. Siku moja mbingu ilikuwa nyeusi kweli, siku nyingine nilikuwa na homa. Kurudi kwa aina hiyo hakuniachii ule utulivu wa kujificha, kwa sababu mwili umeshafika nje na umeona kwamba nje ni mtaa wetu tu.

Novemba, mwishoni: macho ya watu

Niliogopa macho ya watu kuliko nilivyotaka kukiri mbele ya fundi. Kwa wengine hapa Uganda, mwanamke juu ya baiskeli ilikuwa jambo la kukatazwa, na mabaki ya katazo hilo bado yapo kwenye nyuso. Lakini nenda Teso uone: akina mama wananyonga kwenda sokoni na mtoto mgongoni na gunia kwenye karia, hakuna anayegeuka. Nilipopita mtaani mara ya kwanza mchana, wanafunzi wangu wawili walisimama kando. Nikasubiri kicheko. Mmoja akasema, "Mwalimu, kiti chako kiko chini sana, utaumia magoti." Alikuwa na haki. Jioni nimekiinua hadi kimo chake.

Shemeji yangu amesema ataongozana nami siku ya Majanji. Nimekubali, ila nimemwomba asinipitie nyumbani. Atanikuta mwembeni. Akija mlangoni, saa yangu itakuwa yake, na mimi nataka niivuke mwenyewe.

Desemba, mwanzoni: lami

Nimeingia lami Jumapili, mapema. Mjini ni kimya wakati huo ukilinganisha na siku za kazi, ingawa mpaka haulali. Mikono ilikuwa baridi. Nilipita maduka yaliyofungwa, mama wa chapati anawasha jiko, boda wawili wamelala juu ya pikipiki zao.

Nje ya mji lori la mchanga lilinijia kutoka nyuma. Kwenye kioo lilikuwa dogo, kisha likajaa kioo chote. Nilikuwa nimelisubiri tukio hili tangu Oktoba, kwa hiyo niandike hasa lilivyokuwa. Nilitazama juu ya bega, nikaona dereva amenipa nafasi. Nikalegeza viwiko. Pua ya lori ilipofika sambamba nami, upepo ulinisukuma kushoto, msukumo mpana wa begani. Kisha ubavu ukapita, na mara ile nikahisi kinyume chake, navutwa kuelekea barabarani. Usukani ulicheza. Niliuacha ucheze kidogo, sikuukamata kwa nguvu, macho yangu yalikuwa kwenye mstari mweupe mbele. Vumbi, harufu ya dizeli, raba ya tope inapigapiga nyuma ya gurudumu, na lori likawa mbele yangu linaondoka.

Anayeogopa malori ajue hiyo sukuma-vuta. Inafuata mpangilio wake kila mara: kwanza inakusukuma, halafu inakuvuta, na yote yanaisha kwa sekunde chache. Wengi wanayumba kwa sababu wanaukaza mkono dhidi ya msukumo, kisha mvuto unawakuta wameshaegemea upande uleule. Nilisimama kando baadaye, nikanywa maji, nikaandika 6. Nilitarajia kuandika 10.

Desemba, katikati: Lumino

Shule zimefungwa. Nimekwenda kuelekea Lumino peke yangu. Njiani upande wa kusini pakaanza kufunga, mawingu ya ziwani. Nilikuwa nimeandika jioni ya jana: nikiona mvua mbele kabla ya Lumino, nageuza. Nikageuza. Nilifika nyumbani mkavu, na ile nafuu mbaya ya siku za nyuma haikuja. Sheria iliandikwa na mtu aliyetulia, jioni, akiwa na karatasi ya kwanza mbele yake. Mtu mwenye hofu hakuwa na kura.

Nimeona pia jinsi upepo unavyokwenda. Asubuhi hewa imetulia. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake inapanda, na upepo unatoka ziwani kuja bara. Kwa maana hiyo anayekwenda Majanji alfajiri na kurudi mchana anasukumwa mgongoni kuja nyumbani. Kwenye karatasi ya pili niliandika "nitaishiwa nguvu nishindwe kurudi". Nimeikata mstari.

Desemba: Majanji

Adhana. Viatu. Tumbo likakata kama kawaida, 8. Nimejaribu kutoisikitikia namba hiyo. Sikutarajia ifike 0, wala mradi haukuahidi hivyo. Chai, kabalagala, pumzi, "nina hamu ya kwenda", mlango. Shemeji alikuwa mwembeni tayari, ameegemea fremu.

"Dada, vipi tumbo?"

"Lipo."

"Twende nalo."

Hadi Lumino hatukusema mengi. Yeye mbele, mimi nyuma yake mita kadhaa, nimechagua gia nyepesi kwa makusudi, kwa kuwa hofu ikigeuka furaha inataka kukimbia na miguu inalipia baadaye. Baada ya Lumino barabara ilikuwa karibu yetu peke yetu. Pikapu za samaki zilitujia kutoka ziwani zikidondosha maji ya barafu. Watoto walitukimbilia pembeni. Kwenye mteremko mmoja niliziachia breki zaidi kuliko nilivyowahi kuziachia, na nikajikuta naimba.

Majanji tulikuta mukene, yaani dagaa, zimeanikwa juu ya nyavu, zinang'aa mchangani, na akina mama wanazigeuza. Tulikula ngege (sato) wa kukaanga na ugali wa mchanganyiko wa mihogo na ulezi. Shemeji alilala chini ya mti. Mimi nilikagua tairi, nikaandika namba: nyumbani 8, mwembeni 4, Lumino 1, hapa 0.

Kabla ya kuondoka kurudi, ikaja tena, 3 au 4 hivi, pale mchangani. Hili sikuwa nimeliandalia. Nilikuwa nimepanga saa ya kwenda nikasahau kwamba kurudi nako ni kuondoka. Nilifanya yaleyale: nikashika usukani, nikatoa pumzi ndefu, nikachagua mti ulio mbele kama mwembe wangu wa ugenini. Tulipoufikia tulikuwa tayari tunakwenda. Upepo ulitusukuma mgongoni hadi karibu na mji.

Yanayofuata

Raba ya breki ya nyuma imelika upande mmoja, mzee fundi ataitazama Jumatatu. Shule zikifunguliwa nataka kuanza kwenda kazini kwa baiskeli, isipokuwa siku za soko, ambapo nitashuka na kuisukuma hadi nivuke msongamano. Hofu ya pale ni ya karatasi ya kwanza na sina mpango wa kuishinda. Mwalimu mwenzangu wa hisabati ameniomba nimfundishe. Ameanza jana uwanjani, kiti chini kabisa, nyayo zote mbili zikikanyaga majani. Nimemuuliza kwanza anaogopa kuanguka au kugongwa. Amesema anaogopa mumewe atasema nini, kwa hiyo tumechukua karatasi, na kesho tunaendelea.